Tisa hadi Moja: Safari ya Jani la Uluguru Kuelekea Wodi ya Saratani

Ujumbe ule mmeshaupata: stafeli inaua saratani mara 10,000 kuliko kemo, watumie ndugu na jamaa. Mimi ulinifikia kwenye kundi la familia, umetumwa na mjomba wa Matombo, ambaye ana mistafeli nyuma ya nyumba na tayari alikuwa ameanza kupiga hesabu za faida. Kwa Waluguru mjomba si mtu wa kujibiwa hovyo. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Sasa wewe uliyesoma, nipe jibu moja tu: ina kitu au haina?"

Ina kitu. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo tabu yake, maana kutoka "ina kitu" hadi "ni dawa" kuna vizingiti ambavyo mimea mingi huishia njiani. Nimevipanga tisa, kuanzia chepesi hadi kile kilichowatoa jasho wakemia wa dunia nzima. Mjomba aliahidi kusikiliza bila kuingilia. Ahadi hiyo haikuvuka hata namba nane.

9. Mti uwepo

Hiki ndicho chepesi, na hata hicho tunakichezea. Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Uluguru, Morogoro, kinafika mita 2,630. Upande wa mashariki, kuanzia Mkuyuni na Matombo kupanda juu, milima hii inapokea mvua ya Bahari ya Hindi moja kwa moja, na msituni mna mimea zaidi ya 100 isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Mmea hauwezi kumkimbia mdudu wala mbuzi. Ukishambuliwa unabaki pale pale, na silaha yake kubwa ni kemia. Ndiyo maana msitu mkongwe wenye wadudu na kuvu wengi umejaa sumu za kila namna, na dawa nyingi za saratani zilianza maisha zikiwa sumu.

Ukoo wa mstafeli ni mfano mzuri. Ndugu zake ni mtopetope, mlangilangi wa Pemba unaotoa manukato, na mimea ya porini ya jenasi ya Uvaria inayotambaa juu ya miti mingine katika misitu ya pwani na ya milima yetu. Huu ni ukoo unaopenda kutengeneza sumu kali, na wakemia wanaujua kwa sifa hiyo.

Mti ukitoweka, kemia yake huondoka nao. Kuna mti wa pwani ya kusini mwa Tanzania, Erythrina schliebenii, uliokuwa umeshaandikwa kuwa umetoweka. Mwaka 2012 wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitangaza kuwa wameuona tena, hai, msituni. Miaka mitano baadaye, mwaka 2017, wakemia wa chuo hicho hicho na wenzao wa ng'ambo walichapisha kemikali walizozitoa ndani yake na kuzijaribu kwenye seli za saratani ya matiti. Fikiria ungeishia kwenye gunia la mkaa: maharage yangeiva, na habari yake ingekwisha siku hiyo hiyo.

8. Kukitoa kilichomo

Majani hukaushwa kivulini, kwa kuwa jua kali linaweza kuharibu kile unachokitafuta. Yakikauka yanasagwa, yanalowekwa kwenye methanoli, yanachujwa, kisha methanoli inavukizwa. Unabaki na rojo la kijani kinachokaribia weusi, linanata kwenye kioo na harufu yake haitoki kwenye vidole hata kwa sabuni. Ndani ya rojo hilo kuna mamia ya kemikali zilizochanganyika. Sasa unalipakia juu ya mrija mrefu wa kioo uliojazwa unga mweupe wa silika, unamimina kimiminika juu yake na kusubiri. Polepole rojo linaanza kuachana: hapa mstari wa njano, pale kijani cha klorofili, hapa kitu kisicho na rangi kabisa ambacho huenda ndicho chenyewe. Unakinga matone kwenye vichupa, kimoja baada ya kingine, mchana kutwa. Kilo nzima za majani zinaweza kukupa miligramu chache tu za kitu safi, na kazi ya kujua umbo la molekuli yake bado inakusubiri.

Kazi hii imefanyika kwetu, na imefanyika vizuri. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliichambua mimea ya Uvaria ya Tanzania katika miaka ya 1980 na 1990, wakitafuta zaidi dawa ya malaria. Kutoka Uvaria tanzaniae walipata molekuli ambayo haikuwa imewahi kuonekana, na mwaka 1990 wakaitangaza kwa jina la tanzanene.

"Kumbe tuna kemikali yenye pasipoti yetu!" akasema mjomba. Ndiyo, na inasafiri katika majarida ya kemia mpaka leo bila kuombwa viza.

7. Kisahani

Hapa ndipo ulipozaliwa ule ujumbe wa mara 10,000. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitoa molekuli kadhaa kwenye mbegu za stafeli. Narudia, mbegu, siyo majani anayotaka kuuza mjomba. Mojawapo iliua aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana kwa kiasi kidogo mara 10,000 kuliko dawa ya kemo iitwayo Adriamycin. Aina moja ya seli, molekuli moja, ndani ya kisahani. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja chumbani.

Chombo chenyewe ni bamba la plastiki lenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ndani mna mchuzi wa waridi wa virutubisho, na chini zimejishikiza seli. Unaweka dawa kwa viwango vinavyoshuka: kishimo cha kwanza nyingi, kinachofuata kidogo, kinachofuata kidogo zaidi. Baada ya siku mbili tatu unadondosha rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Penye zambarau seli zimepona. Penye njano iliyopauka zimekufa. Jibu unaliona kwa macho, ni zuri sana kulitazama, na ni rahisi mno kulishangilia kabla ya wakati.

Maana seli iliyo uchi ndani ya kishimo haina ini, haina damu, haina mtu. Tone la Jiki lingeshinda shindano hilo asubuhi na mapema, na hakuna anayetuma ujumbe kwamba tulinywe. Kinachotafutwa ni kitu kinachoua seli ya saratani kwa kiasi ambacho seli ya kawaida katika kishimo cha jirani bado inanawiri.

Tusiwasahau waliotoa seli hizo. Zile maarufu kuliko zote, HeLa, zilichukuliwa mwaka 1951 huko Baltimore kutoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hakuombwa ruhusa. Kila mwenye kufanya kazi hii ana deni la heshima kwake.

6. Inauaje?

Mwaka 1982 wakemia wa Chuo Kikuu cha Arizona walitangaza molekuli kutoka mizizi ya Uvaria acuminata, mmea wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Waliiita uvarisini. Ilikuwa ya kwanza ya kundi zima la kemikali, lile lile ambalo baadaye lilikutwa kwa wingi kwenye mstafeli. Kwa hiyo mjomba hakukosea ukoo. Huu ndio ukoo wenyewe.

Molekuli hizi huziba mtambo wa kwanza wa kutengeneza nguvu ndani ya mitokondria. Seli ya saratani inayokua mbio inahitaji nguvu nyingi, ukiizimia umeme inaanguka. Safi kabisa. Ila mitokondria zimo pia kwenye moyo, na zimo kwenye ubongo, ambao hauvumilii kukatiwa umeme hata kidogo. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, katika Karibi, waliripoti wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson lakini usiosikia dawa zake. Walipouliza habari za mlo, wengi walikuwa watumiaji wakubwa wa matunda ya ukoo huu na chai ya majani yake. Majaribio ya maabara yaliyofuata yalionyesha kuwa anonasini, molekuli kuu ya mstafeli, huua seli za neva.

Mjomba alinyamaza kidogo. "Na tunda?" Stafeli la msimu mezani ni jambo moja. Birika la majani asubuhi na jioni, miezi kwa miezi, kwa mtu ambaye mwili wake tayari umechoka, ni jambo jingine, na hilo silikubali hata kama anayelitengeneza ananipenda.

5. Kuishona upya

Hapa ndipo mkemia anapoacha kuwa mpokeaji na kuwa fundi. Mmea ulitengeneza molekuli kwa ajili ya mdudu, haukumfikiria mgonjwa wa Kihonda, hapa Morogoro. Kwa hiyo mara nyingi haiyeyuki kwenye maji, au ini linaiona ngeni na kuivunja kabla haijafika popote, au inagusa vitu vingi mno mwilini. Mkemia huibadilisha pembe moja: anaondoa kipande hapa, anaongeza sukari pale, anarudi kwenye vishimo 96 kuuliza, je, sasa? Halafu pembe nyingine. Molekuli mia kadhaa zinaweza kutengenezwa ili moja iendelee, na zile zilizoshindwa ndizo zinazomfundisha pembe ipi isiguswe.

Wakati mwingine matokeo ni ya kushangaza. Podofilotoksini ni sumu ya mmea iliyokuwa kali mno kwa tumbo la binadamu. Wakemia wa kampuni ya Sandoz, Uswisi, waliifungia sukari na kuibadilisha hapa na pale. Kilichotoka, etoposidi, kiliacha kabisa kazi ya mzazi wake. Mzazi alikuwa anashika nyuzi zinazogawanya seli. Mtoto akaenda kushika kimeng'enya kinachofungua mikunjo ya DNA. Ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983 na mpaka leo inatibu watu, watoto wakiwemo.

Kamptothesini ilikuwa na safari yenye machungu. Monroe Wall na Mansukh Wani waliitangaza mwaka 1966 kutoka mti wa Uchina. Ilipojaribiwa kwa watu, iligeuzwa kuwa chumvi ili iyeyuke, na wagonjwa wakaumia vibaya kibofu. Ikasimamishwa. Ilibidi wakemia warudi mezani, wajue kwanza inafanya kazi gani, waishone upya, na ndipo topotekani na irinotekani zikaidhinishwa mwaka 1996. Miaka thelathini! Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo la kwanza alikuwa ameshaanza kutafuta mchumba.

4. Panya

Panya wa maabara wangekuwa na wodi yao, ingekuwa tupu. Wengi tunawaponya. Unampandikizia uvimbe, unampa dawa, unampima uzito kila siku kuona kama anavumilia, unapima uvimbe. Akikonda, dawa inamuua yeye pamoja na ugonjwa. Kizingiti hiki ni cha lazima, ila hakimalizi maswali.

3. Mzigo utatoka wapi?

Hiki ndicho kinachoninyima usingizi nikiitazama Uluguru.

Miaka ya 1960 hadi 1982 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikusanya mimea duniani kote na kuipima. Moja ya vitu vilivyong'ara ilikuwa maitansini, sumu iliyotoka kwenye mti wa Maytenus wa Ethiopia. Ukahitajika mzigo zaidi, na jamaa wa mti huo, Maytenus buchananii, alikuwepo Shimba Hills, kusini mwa Mombasa, kwenye nchi ya Wadigo. Wakusanyaji walivuna zaidi ya tani 27. Waliporudi baada ya miaka minne kutafuta zaidi, miti ilikuwa haijachipua vya kutosha, wakahangaika kuupata mzigo. Wadigo hawakuulizwa.

Na hesabu ni za kutisha kwa dawa zilizofanikiwa pia. Vinblastini, inayotoka kwenye lile ua la Madagaska linalopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa Morogoro, hudai kilo 500 za majani makavu kwa gramu moja. Paklitakseli ilianza kwa kubandua magamba ya miti ya Marekani iliyokua kwa miaka mingi, mpaka wakemia walipopata njia ya kuanzia kwenye majani membamba ya jamaa yake wa Ulaya, ambayo hukatwa na kuota tena. Mwaka 2022 wanasayansi walioko Denmark walifanikiwa kufundisha hamira itengeneze vipande viwili vinavyounganishwa kuwa vinblastini. Hiyo ndiyo njia ya kweli: mti utoe siri yake mara moja, halafu uachwe upumzike.

Sasa chukulia molekuli ya ajabu imepatikana kwenye mmea ulioko Uluguru tu, kwenye miteremko michache, juu ya chemchemi za mto Ruvu ambao Dar es Salaam inaunywa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka wenyeji waulizwe na wagawiwe faida.

"Wakija huku," mjomba akasema, "waanze na mzee wa ukoo, halafu panga."

Nimeliandika neno kwa neno, kwa kuwa ni muhtasari mzuri wa itifaki kuliko wowote niliowahi kuusoma.

2. Binadamu

Kati ya dawa 100 za saratani zinazoingia kwenye majaribio ya watu, takribani 5 tu hufika dukani. Zote 100 zilikuwa zimefaulu kwenye kisahani na kwa panya. Awamu ya kwanza hutafuta dozi ambayo mwili unaivumilia, ya pili huangalia kama uvimbe unasinyaa, ya tatu huipambanisha na tiba iliyopo kwa mamia ya wagonjwa. Nguzo ya yote ni daftari: nani alikuja, ugonjwa wake ulipimwa vipi, alipewa kiasi gani, mwaka mmoja baadaye yuko wapi.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wengi wetu tulikuwa na ndugu kwenye foleni ile, na siwezi kumcheka mtu aliyesafirisha mzazi wake kwa matumaini. Ila foleni ile haikupangwa ili ijibu swali la daftari, na bila jibu hilo hatuwezi kumwambia mgonjwa wa kesho neno lolote la uhakika.

Na tusidhani daftari ni la Wazungu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto wa ukanda wetu. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo kituo cha kutibu ugonjwa huo, ambacho kilizaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Chini ya John Ziegler, watoto walipewa dawa kwa mpangilio, wakaandikwa, wakafuatwa hadi vijijini. Wengi walipona kwa dawa peke yake, bila kisu. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mapema duniani kwamba kemo inaweza kuponya saratani kabisa, na ulitoka kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa wamechelewa, na miezi ya birika la majani ni sehemu ya kuchelewa huko. Mama anayetokwa na damu isivyo kawaida apelekwe kupimwa mlango wa kizazi wiki hii. Binti apate chanjo ya HPV, inayotolewa nchini kote tangu 2018. Hivyo viwili vimeshavuka vizingiti vyote tisa.

1. Kumwacha mgonjwa akiwa hai

Bakteria ni mgeni, ana kuta ambazo wewe huna, ukizibomoa anakufa na wewe unabaki. Seli ya saratani ni mtoto wa ndani aliyegeuka mwizi: anajua chumba cha fedha kilipo, na mbwa anamtikisia mkia. Kila anachotumia ili aishi, seli zako nzuri nazo hukitumia. Ndiyo sababu kemo hunyonyoa nywele na kuchafua tumbo, kwa kuwa huko nako seli hugawanyika haraka.

Turudi kwa maitansini, ile ya Shimba Hills. Mkemia Morris Kupchan aliitangaza mwaka 1972, na nguvu yake ilikuwa ya kutisha. Ilipoingizwa kwa wagonjwa iliumiza neva na tumbo kuliko ilivyosaidia, na miaka ya 1980 ikawekwa kando. Tani 27 za mti, na hakuna dawa.

Kisha likaja wazo jipya: tusiipunguze makali, tuipe anwani. Takribani mwanamke mmoja kati ya watano wenye saratani ya matiti ana seli zilizojaza juu yake protini iitwayo HER2. Kuna kingamwili, trastuzumabu, inayoing'ang'ania protini hiyo. Wakemia waliishona upya maitansini, wakaifunga kwenye kingamwili hiyo kwa uzi wa kemikali usiokatika kwenye damu. Tarishi anafika mlangoni, seli inammeza, tarishi mwenyewe anasagwa humo ndani, sumu inatoka ikiwa tayari iko chumbani kwa mwizi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Februari 2013, miaka 41 baada ya tangazo la Kupchan. Na malighafi yake siku hizi hutengenezwa na bakteria kwenye matangi. Shimba Hills haikatwi tena kwa ajili yake.

"Miaka arobaini na moja," mjomba akarudia taratibu. "Na sisi tumefika namba ngapi?"

Mwaka 2017, ule ule wa Erythrina, Stephen Nyandoro, Joan Munissi na wenzao wa Dar es Salaam, wakishirikiana na Máté Erdélyi aliyekuwa Gothenburg, walichapisha molekuli walizozitoa kwenye majani ya Cleistochlamys kirkii, ndugu mwingine wa mstafeli. Walizijaribu kwenye seli za aina ya saratani ya matiti ambayo haina HER2 na kwa hiyo tarishi yule hana wa kumbishia hodi. Baadhi zilizizuia kukua. Namba tisa imevukwa, namba nane imevukwa, namba saba imevukwa. Zimebaki sita, tano, nne, tatu, mbili, na moja.